Moto nazima saa moja na nusu, moshi unashuka saa mbili na nusu. Ni wangu au si wangu?

MamaGitheri_Kayole

Habari zenu. Naomba mtu anayejua mambo ya hewa anisaidie kabla ya kikao cha ploti Jumapili.

Mimi nachemsha maharagwe na githeri Kayole, Nairobi. Nauzia vibanda kumi na kimoja, na wateja wa mlangoni wanaokuja na mikebe yao. Nawasha saa tisa usiku kwa sababu wa kwanza anafika saa kumi na mbili kasoro. Jiko ni la matofali, sufuria mbili kubwa, kuni za mkaratusi. Bomba la moshi ni la bati, linatoboa paa, na kutoka chini hadi mdomoni ni kama mita sita. Upande wangu wa magharibi kuna nyumba ya ghorofa tano, halafu barabara ya vumbi, halafu nasari ya watoto. Kutoka jikoni kwangu hadi lango la nasari ni hatua mia moja na ishirini, nimezihesabu.

Sasa sikilizeni. Mama mshonaji ambaye ukuta wake ni ukuta wangu anasema hajawahi kusikia hata harufu. Kijana wa ghorofa ya nne anasema saa kumi na moja alfajiri chumba chake kinajaa moshi hadi anaamka. Na mwalimu wa nasari anasema moshi unaingia darasani saa mbili na nusu, unakaa kama nusu saa, watoto wanakohoa, kisha unapotea wenyewe. Lakini mimi moto nauzima saa moja na nusu! Saa mbili na nusu jikoni kwangu kuna majivu na sufuria zinazosuguliwa.

Kwanza nilidhani mmoja wao ananidanganya. Nikanunua daftari. Kwa siku ishirini na sita nimeandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima, kama kulikuwa na nyota au mawingu, kama kulikuwa na umande kwenye kamba ya nguo, na saa ambayo mwalimu amenitumia ujumbe. Hii ndiyo hali:

Usiku wa nyota na umande mwingi, kijana analalamika alfajiri na mwalimu analalamika saa mbili na nusu. Karibu kila mara. Usiku wenye upepo wa kutikisa mabati, hakuna anayesema kitu. Siku za mawingu mazito ni vurugu: mara nyingine moshi hauji kabisa, mara nyingine unakuja polepole na kukaa hadi saa nne.

Sibishani na mtu. Katika hiyo nasari kuna mtoto mmoja mwenye pumu, mamake ni mteja wangu. Kama ni moshi wangu nitaubeba. Ila nataka kujua, unawezaje kushuka saa nzima baada ya moto kufa? Na fundi ameniambia niongeze bomba mita tatu, shilingi elfu kumi na nne na mia tano. Nilipe?

---

MzeeWaPuto

Mama, kwanza hongera kwa hilo daftari. Safu ya umande peke yake imenipa nusu ya jibu.

Mimi nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kurusha puto la kupimia hewa pale Dagoretti Corner. Duniani kote yale maputo makubwa hurushwa saa zilezile, na kwa saa zetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Kwa hiyo saa unayowasha kuni ndiyo saa niliyokuwa nimesimama uwanjani na baridi yangu. Kila puto lina kifaa chenye redio kinachotuma joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kadiri linavyopanda.

Mchana, kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa baridi. Kila mtu anajua hilo, ndiyo maana Limuru kuna baridi kuliko Kayole. Lakini usiku wa nyota karatasi zetu zilionyesha kinyume: mita za kwanza mamia kadhaa, joto lilikuwa linaongezeka kwenda juu. Sababu ni ardhi. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, inapoa, na hewa inayoigusa inapoa nayo. Umande kwenye kamba yako ni alama ya kupoa huko. Hewa baridi ni nzito, inalala chini, na ile ya joto imekaa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria.

Sasa ufuate moshi wako. Unatoka bombani ukiwa moto, unapanda. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi moja kwa kila mita mia, na pia inachanganyika na baridi iliyo kando yake. Mchana ingeendelea tu kupanda, maana hata huko juu kumepoa. Lakini alfajiri unapopanda kidogo unakuta hewa yenye joto kuliko wewe. Unasimama. Huwezi kupanda, huwezi kushuka, unajitandaza kuwa utepe mwembamba na kwenda na upepo. Toka nje saa kumi na moja uangalie kwa mwanga wa taa za barabarani, utauona umelala kama kanga iliyotandikwa. Nadhani utepe huo unapita kimo cha ghorofa ya nne. Kijana hasemi uongo. Na mama mshonaji hasemi uongo, moshi unapita juu ya kichwa chake.

Halafu jua linatoka, saa kumi na mbili na nusu hivi. Linapasha ardhi kwanza, si hewa. Wewe unajua zaidi yangu maji yanavyoanza kuchemka: mapovu yanaanza kitakoni, madogo, yanapanda kidogo na kufa, kisha yanakuwa makubwa hadi yanafika juu na sufuria nzima inapinduka. Hewa ya asubuhi inafanya hivyohivyo. Visulisuli vinaanzia kwenye udongo na mabati, vinakua, na ile sehemu inayochemka inazidi kimo dakika kwa dakika. Inapofika kwenye utepe wa moshi uliolala huko juu, inaumeza na kuushusha chini wote kwa mara moja. Wataalamu huita ufukizaji, na ni jina zuri, kwa sababu mtaa unafukizwa kama nguo kwenye chetezo. Unadumu muda mfupi, kisha kifuniko kinavunjika kabisa na moshi unaenda juu sana na kupungua. Hiyo ndiyo nusu saa ya mwalimu.

Je, ni wako? Hapa piga hesabu nami. Upepo wa alfajiri ni mdogo, tuseme mita moja kwa sekunde, yaani kilomita tatu na nusu kwa saa. Moshi wako wa mwisho ulitoka saa moja na nusu. Saa mbili na nusu haupo tena juu ya nasari ya hatua mia na ishirini. Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo umekwishafika Umoja au Donholm. Unaoshuka darasani umetoka mashariki yako, Njiru huko, kwenye majiko na takataka zilizochomwa na watu ambao hata wewe huwajui. Isipokuwa asubuhi ambayo upepo umekufa kabisa. Siku hiyo kila mtu anavuta wake.

---

MamaGitheri_Kayole

Mzee wangu, nimesoma mara tatu. Kwa hiyo mimi nawafukiza watu wa Donholm?

---

MzeeWaPuto

Ndiyo, mama. Pamoja na wengine wengi, lakini ndiyo.

Ngoja niongeze jambo moja, kwa sababu watu hudhani moshi unasambaa wenyewe kama sukari kwenye chai isiyokorogwa. Hewa ikitulia kabisa, harufu ingejisogeza chini ya nusu mita kwa saa nzima. Kinachousambaza ni visulisuli, na vipo vya kila kimo, kuanzia cha upana wa kidole hadi cha upana wa mtaa. Aliyeonyesha vizuri kwamba visulisuli hubeba joto la hewa juu na chini ni Mwingereza G. I. Taylor. Mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya Titanic kuzama, alipanda meli iliyotumwa kuchunguza vilima vya barafu baharini, akawa anarusha tiara zenye vipimo juu ya maji ya Newfoundland. Tiara, mama! Mimi nilikuwa na redio, yeye alikuwa na kamba.

Na yupo mwingine, Lewis Fry Richardson. Huyu namheshimu kuliko wote, kwa sababu aliacha kazi mwaka 1920 idara yake ya hali ya hewa ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga, naye imani yake ilimkataza vita. Mwaka 1926 aliandika kwamba wingu la moshi likiwa dogo hutawanyika polepole, na kadiri linavyopanuka ndivyo linavyopanuka haraka zaidi. Sababu: kisulisuli kikubwa kuliko wingu hulibeba zima bila kulipasua, na kidogo mno hukwaruza pembeni tu. Kinacholipasua ni kile kinacholingana nalo. Wingu likikua, linapata visulisuli vya saizi yake vilivyo vikubwa zaidi. Mwaka 1948, yeye na Mmarekani Henry Stommel walilithibitisha hilo kwenye maji ya Loch Long, Uskoti, kwa kutupa vipande vya mboga ya mzizi mweupe unaofanana na karoti na kuangalia viwili viwili vikiachana. Wewe jaribu kwenye githeri inayotokota: punje mbili zilizogusana huzunguka pamoja muda mrefu. Zikiachana kidogo tu, moja utaikuta ukingoni na nyingine katikati.

Kwa hiyo moshi wako wa alfajiri, hewa ikiwa imelala, hauna visulisuli vya kuupasua. Unakwenda kilomita tatu ukiwa bado utepe. Uleule ukitoka saa nane mchana, jua likiwa kali, utauona unapanda na kushuka kama nyoka, na baada ya mwendo mfupi huuoni.

Siku za mawingu daftari lako liko sawa pia. Mawingu hufunika ardhi kama blanketi, usiku kifuniko hakiwi kizito. Lakini asubuhi hayohayo mawingu yanazuia jua, ule mchemko hauanzi, na moshi unabaki unazurura chini. Mwezi wa saba ndiyo hivyo.

---

FundiBomba_Gikomba

Mama, usitoe hiyo elfu kumi na nne bado. Natengeneza mabomba ya majiko ya mikate na ya hoteli, nakwambia ukweli.

Ni kweli bomba refu linasaidia. Kwenye hesabu za kawaida, ukiongeza kimo cha moshi mara mbili, ule wingi mkubwa kabisa unaogusa chini unapungua hadi kama robo. Lakini hiyo ni kwa uwanja wazi. Wewe una ghorofa tano kando yako. Upepo ukigonga jengo hupanda juu yake, na nyuma ya jengo hujikunja na kushuka, hata makaratasi utayaona yanazunguka pale. Moshi ukiingia kwenye mkunjo huo unavutwa hadi chini. Kanuni ya mabomba ya viwandani ni mara mbili na nusu ya kimo cha jengo lililo karibu. Ghorofa tano ni kama mita kumi na tano, wewe ungehitaji mita thelathini na saba na nusu. Kwa jiko la githeri! Na mita tatu za ziada zitakufikisha mita tisa, yaani umemwondolea moshi nani? Huenda ukamsogezea wa ghorofa ya tano.

Swali langu: lina kofia? Ile kofia ya bati ya kuzuia mvua. Kama ipo juu kabisa inaugonga moshi na kuurudisha pembeni na chini, unapoteza msukumo wote. Itoe, uwekewe bomba la nje lililo pana kidogo linalozidi mdomo wa lile la ndani, maji yanashuka kati yake. Hiyo hata elfu tatu haifiki. Na kuni zako ni kavu? Zikigonganishwa zinalia au zinanyamaza?

---

NesiWaMtaani

Naunga mkono yote, ila naomba tusisahau kitu. Kutawanya moshi si kuuondoa. Uingereza walijifunza hivyo. Desemba 1952, kuanzia tarehe 5 hadi 9, London ilifunikwa na hewa iliyotulia kama hii anayoeleza Mzee, moshi wa makaa ya mawe ukakwama chini, na maelfu ya watu wakafa. Baadaye mabomba marefu ya viwanda na ya mitambo ya umeme yalipeleka moshi mbali, na sehemu yake ikanyesha kama mvua yenye asidi huko Norway na Sweden. Mwenye bomba alipumua, mwenye ziwa la samaki akalia.

Na mama mwenyewe? Saa tisa usiku hadi saa moja na nusu, kila siku, uso juu ya kuni. Chembe za moshi zinazoumiza ni zile ndogo kuliko mikromita 2.5, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema kwa wastani wa siku moja zisizidi mikrogramu 15 katika mita ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilotoa moshi nje vizuri hulizidi hilo mara nyingi sana. Shirika hilohilo linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Nakuomba ukae upande ambao hewa inaingilia, na uache nafasi ya hewa juu ya ukuta, usiizibe hata kama kuna baridi. Mtoto mwenye pumu tunamjua. Mapafu yako nayo yana mwenyewe?

---

MamaGitheri_Kayole

Nimerudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa kunyamaza, nilitaka nije na kitu.

Fundi, kofia ilikuwepo. Nimeitoa, nimewekewa bomba pana la nje, elfu mbili na mia nane. Kuni zilikuwa zinanyamaza. Nimeanza kuzipanga kwenye dari ya jiko wiki mbili kabla, zinalia sasa, na moto unaanza bila ule moshi mweupe mzito wa robo saa ya kwanza. Nesi, nimetoa matofali manne juu ya ukuta wa mashariki. Baridi ninayo, kikohozi cha asubuhi kimepungua. Asante kwa kuniuliza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Jambo kubwa ni la Mzee. Nilikaa na hayo maneno ya nyoka wa saa nane mchana. Nikaamua maharagwe niyachemshe saa nane hadi saa kumi na moja jioni, niyamwage kwenye mabeseni mapana yapoe haraka, niyafunike kwa nailoni safi, na asubuhi niyapashe tu kwa gesi. Yamekubali. Githeri imekataa. Siku ya pili ilichacha, nikamwaga gorogoro sita, nikalia kidogo pale kwenye mtaro. Kwa hiyo githeri bado ni ya usiku, lakini sufuria ni moja badala ya mbili, na nawasha saa kumi badala ya saa tisa.

Kijana wa ghorofa ya nne amelala hadi saa kumi na mbili siku kumi na mbili kati ya kumi na nane. Amenisalimia mwenyewe kwenye ngazi.

Nasarini, Mzee, imekuwa kama ulivyosema, na imeniuma. Usiku wa nyota, saa mbili na nusu, moshi unashuka vilevile. Siku moja sikuwasha kabisa, nilikuwa na msiba Kangundo, jikoni hakukuwa na hata kibiriti. Mwalimu alinitumia ujumbe saa mbili na dakika thelathini na tano. Nilimwonyesha daftari. Tumekubaliana kwamba asubuhi za umande afunge madirisha hadi saa tatu na robo, kisha afungue yote, na yule mtoto wa pumu aletwe baada ya hapo. Kwenye kikao niliyasema haya yote. Wengine walidhani najitetea. Mama mshonaji alisimama akasema daftari lisomwe kwa sauti, likasomwa.

Sasa dadangu wa kanisani anayekaa Njiru ameanza daftari lake. Anaandika nani anachoma nini kabla ya mapambazuko.

Na nina ombi. Kuna mtu humu anakaa Umoja au Donholm? Chini, juu, popote. Asubuhi ya nyota, kati ya saa mbili na saa tatu, ukisikia harufu ya kuni za mkaratusi, niandikie siku na saa. Nimeshachora safu yako kwenye daftari.

---

MzeeWaPuto

Mimi ni wa Donholm, mama. Kesho naanza.